Chaja Inaijua Betri, Haikujui Wewe

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: 

Leo tunazungumzia betri ya gari, ile ya volti 12. Kule Rumonge, wavuvi wa ndagala wanaitumia kuwasha taa usiku ziwani, ili samaki wafuate mwanga. Huku kambini inatupa taa, redio, mashine ya kinyozi na chaji ya simu. Na simu ndiyo tunayoulizia habari za ndugu waliobaki ng'ambo ya ziwa, Uvira, Baraka na Fizi. Betri ikifa, nyumba nzima inanyamaza.

Siku hizi kuna chaja za otomatiki. Ni chombo kizuri. Lakini mtu akisikia neno otomatiki, anadhani hatari imekwisha. Haijakwisha. Chaja hiyo inailinda betri. Wewe na watoto wako haiwalindi.

Kazi yake ni hii. Mwanzoni inaingiza umeme mwingi, mpaka betri ifike karibu volti 14.4. Hapo inashikilia volti hizo huku ikipunguza umeme kidogo kidogo. Betri ikijaa, inashuka hadi volti 13.5 hivi, kuitunza tu. Chaja ya kawaida haijui kupunguza. Ukiisahau, inaendelea kuchemsha betri mpaka maji yake yakauke.

Lakini hata ile ya otomatiki haijui umeiweka wapi. Betri inapochajiwa, hasa ikikaribia kujaa, inatoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inatosha kuiwasha. Betri inaweza kupasuka na kurusha asidi usoni. Chaja haioni jiko la mkaa, haioni mshumaa, haimwoni mtoto aliyelala kando.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kwa hiyo, usichaji betri ndani ya nyumba mnamolala. Najua mnaogopa wezi. Basi chaji mchana, mahali penye hewa na kivuli, mvua isipofika, na mtu mzima akae karibu kuangalia. Watoto wakae mbali. Hakuna sigara, hakuna moto.

Sasa fuata mpangilio. Vua pete na bangili. Hakikisha chaja haijachomekwa kwenye umeme. Kibanio chekundu kiweke kwenye alama ya kujumlisha. Cheusi kiweke kwenye alama ya kutoa. Chagua volti 12, pamoja na aina ya betri yako. Ndipo uchomeke umeme. Ukimaliza, anza kwa kuchomoa umeme, halafu ondoa vibanio. Kwa nini? Kwa sababu cheche hutokea pale unapounganisha au kutenganisha waya wenye umeme, na pale juu ya betri ndipo gesi ilipo.

Usiwe na haraka. Betri iliyoandikwa 60Ah inafaa kuchajiwa kwa ampea 6 hivi. Ikiwa imebaki nusu, hesabu saa 5, na zaidi, maana sehemu ya mwisho huingia polepole. Iache ipumzike saa kadhaa, kisha pima. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. Volti 12, imekaribia kwisha. Usiizoeze kufika huko, itakufa mapema.

Kama betri ina vifuniko, tazama maji yake. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, usiongeze asidi. Maji ya Tanganyika, hata yakiwa meupe kama kioo, yana madini yanayoharibu betri.

Asidi ikikurukia machoni au mwilini, osha hapo hapo kwa maji mengi safi, dakika 20 au zaidi. Vua nguo iliyolowa. Halafu nenda kituo cha afya. Jicho lisisubiri kesho.

Chaja ikikataa kuanza, angalia kwanza kama hukugeuza vibanio. Kama viko sawa na bado inakataa, usiilazimishe. Betri ikiwa moto sana, imevimba au inavuja, chomoa umeme, usiiguse mpaka ipoe, kisha umwone fundi. Na betri iliyokufa usiivunje wala kuyeyusha risasi yake kutengeneza vizito vya nyavu. Moshi na vumbi la risasi vinaharibu ubongo wa watoto.

Tukumbushane. Nje, penye hewa. Vibanio kwanza, umeme baadaye. Kumaliza, umeme kwanza, vibanio baadaye. Maji safi yawe karibu.

Mwambie na jirani ambaye hakusikia. Ukuta wake na wako ni hema moja.

(Muziki wa kufunga.)