Kibali Kwanza, Bunduki Baadaye

Mnyama aitwaye pronghoni kwetu Kongwa tungemwita swala, nami nilimwita hivyo mpaka mwongozaji wangu kule Wyoming, Marekani, aliponisahihisha: jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai ni twiga. Nilicheka. Twiga, kwenye upepo ule!

Asiye mkazi wa jimbo huomba kibali cha kumwinda, halafu husubiri droo; maombi hufungwa mwanzoni mwa Juni. Basi kabla ya kumpa wakala wa uwindaji malipo ya awali, muulize: nikikosa kibali, fedha zangu zitarudi? Mwaka wa kwanza sikuuliza. Zilikwenda.

Katika tambarare za Wyoming sheria haimlazimishi mgeni kuwa na mwongozaji. Unacholipia hasa ni ruhusa ya kuingia kwenye ranchi za watu, wanyama wanakonywea maji. Nilipopata kibali, mimi na mwongozaji tulijibanza kibandani kando ya birika tangu alfajiri. Mnyama huyu huona mbali mno, na kasi yake hukaribia kilomita 90 kwa saa. Kumkimbiza ni kujichosha bure. Saa tano dume likaja kunywa.

Baada ya risasi hakuna kupiga picha kwanza. Toa matumbo, chuna, tia nyama kwenye barafu. Jua la Septemba halingoji mtu.