Slaidi ya metali inalia vizuri, lakini plastiki ndiyo inafanya kazi

Beshte yangu wa Umoja ameshikwa na ugonjwa mpya: video za bastola za easofti. Saa nane usiku ananitumia klipu, jamaa anavuta slaidi karibu na maikrofoni, kla-klak! "Buda, hiyo ni metali yote. Nataka kuagiza ka hiyo."

Kwa wale hawajaingia huko, easofti ni mchezo wa kurushiana vigololi vya plastiki vya milimita 6. Slaidi ni ile sehemu ya juu ya bastola inayoenda nyuma na kurudi mbele kila ukifyatua. Kwenye bastola ya gesi, gesi inayorusha kigololi ndiyo hiyo hiyo inasukuma slaidi. Shida inaanzia hapo.

Mimi nilisomea mitambo kabla karo kuniangusha, lakini jedwali la uzito bado liko kichwani. Plastiki ya ABS, ile ya matofali ya Lego, ni karibu gramu 1 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Alumini ni 2.7. Zinki ya kumimina kwenye kalibu ni 6 na nusu hivi, stili karibu 7.8. Kwa hivyo slaidi ya umbo lile lile ikitengenezwa kwa stili inabeba uzito wa zile za plastiki saba, na gesi ni ile ile. Inajikokota, inamaliza gesi haraka, na kukiwa na baridi presha inashuka hadi slaidi haifiki nyuma kabisa. Siku ikifika, inagonga fremu kama nyundo.

Ndiyo maana Tokyo Marui wa Japani wanatoa bastola za slaidi ya ABS, na si ati ni wabahili. Sheria za huko za 1971 na 1977 zilibana bastola za mfano za metali: lazima ziwe nyeupe au manjano, na mtutu uzibwe. Ukitaka nyeusi inayorusha kitu, tumia plastiki. Mwaka wa 2006 wakaongeza kikomo cha nguvu, chini kidogo ya jouli 1. Basi mafundi wakatafuta ujanja kwa hicho kidogo, na slaidi zao nyepesi zinarudi chap chap.

Taiwan ni mambo mengine. WE na KJ Works wanakuuzia metali moja kwa moja kutoka kwa boksi, ikisukumwa na gesi kali zaidi, propeni iliyochanganywa na mafuta ya silikoni. Lakini "metali yote" mara nyingi si stili, ni zinki au alumini. Zinki ya bei rahisi inapasuka pale kwenye dirisha la maganda, ambapo kuta ni nyembamba. Halafu kuna watu wa mashindano ya kasi: wananunua slaidi ya alumini, kisha wanalipa tena itobolewe matundu ipungue uzito. Wacha tu.

Nikiulizwa, nasema ABS, au alumini iliyochongwa kwa mashine. Stili ni ya kuweka kwa rafu.

Lakini beshte yangu haulizi juu ya gesi. Anataka ikae real. Hapo ndipo nilimwambia kuhusu Tamir Rice, mtoto wa miaka 12 wa Cleveland, Marekani. Novemba 2014 alikuwa anacheza kwa bustani na bastola ya easofti, ile alama ya chungwa ya mdomoni ikiwa imetolewa. Aliyepiga simu kwa polisi alisema pengine ni bandia. Hilo halikuwafikia askari. Gari lilifika na risasi ikatoka ndani ya kama sekunde mbili. Hakuna mtu aliuliza slaidi ni ya nini.

Hapa kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataja hata bunduki bandia: itumie kukwepa kukamatwa na una kesi, hata kama ndani ni gesi tu. Na askari wa usiku hapo Umoja hatakuja na mizani.

Akanyamaza, kisha akauliza kama kuna za rangi rangi. Ziko, nikamwambia. Uingereza, tangu sheria yao ya 2006, wanauza za buluu na kijani kinachong'aa.

"Na zinalia vile vile?"