Muuguzi wa Canberra na Jina la Kariokor

Katika uwanja wa Jumba la Kumbukumbu za Vita la Australia, mjini Canberra, imesimama tangu Agosti 2023 sanamu ya Vivian Bullwinkel, muuguzi wa jeshi. Tarehe 16 Februari 1942, katika kisiwa cha Bangka, askari wa Kijapani waliwaamuru wauguzi 22 na mwanamke raia mmoja waingie baharini, kisha wakawapiga risasi kwa nyuma. Bullwinkel peke yake ndiye aliyenusurika, akaja kuwatolea wenziwe ushahidi baada ya vita. Miguuni pa sanamu hiyo pametiwa visahani 22 vya chuma, mithili ya nyota, kwa ajili ya waliouawa.

Je, kumbukumbu yetu sisi iko wapi? Imo vinywani mwetu. Kariokor, jina la mtaa wa Nairobi, ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliowabebea Waingereza mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi.

Majuzi niliwauliza wanafunzi wangu asili ya jina hilo. "Ni soko," wakajibu. Mmoja tu alijua kwamba babu wa babu yake alichukuliwa, asirudi. Nilipomwuliza jina la mzee huyo, alinyamaza.

Canberra wamehesabu mmoja mmoja; sisi tumebakiwa na neno moja kwa wote. Walimu wenzangu, likizo ikifika, watumeni wanafunzi kwa wazee wakaulize majina, wayaandike. Neno likikosa wa kulieleza, hugeuka kuwa sauti tupu.