Shanga, nywele za kuongezea na kichwa cha mtoto

Mwezi huu tuzungumze juu ya nywele. Wako watakaosema kwamba nywele si jambo la ukurasa wa afya bali ni jambo la saluni. Lakini mama anayempeleka mtoto zahanati akiwa na usaha kichwani, au msichana anayefunga kitambaa kanisani ili kuficha kipaji kilichokwisha nywele, hawakuanzia zahanati. Walianzia kwenye kigoda cha msusi.

Kusuka nywele na kuvaa shanga si mambo ya jana hapa kwetu. Wagogo na jirani zao Wamaasai walisuka nywele na kuzipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta kabla hatujajua duka la nywele za bandia. Hivyo hatukuja kumgombeza mtu. Mtume Petro naye aliandika neno juu ya kusuka nywele, lakini hilo tunawaachia mapadre walieleze. Sisi shida yetu ni ngozi ya kichwa na mizizi ya nywele.

Tazameni binti anayeandaliwa kwa Komunyo ya Kwanza. Ana nywele zake mwenyewe, ambazo kwa umri wake ni laini. Juu yake zimeongezwa rasta ndefu hadi mabegani, na mwisho wa kila msuko zimetungwa shanga saba au nane zikafungwa kwa mpira. Akiruka kamba, shanga zote hurushwa na kuvuta. Akilala, hulalia shanga. Akiogeshwa, rasta hunyonya maji na uzito kuongezeka. Mzigo huo wote unabebwa na vinywele vichache kwenye kila msuko, na vilivyo dhaifu kuliko vyote ni vile vya kwenye kipaji na juu ya masikio.

Mzizi wa unywele ukivutwa kila siku huvimba. Kwanza mtoto hulalamika maumivu. Kisha hutokea vipele vidogo, pengine vyenye usaha, na ngozi huinuka chini ya msuko kama turubai lililovutwa na kamba. Baadaye nywele za pembeni huanza kukatika na kubaki vinyweleo vyembamba kama vya mtoto mchanga. Mambo haya si ya Waafrika peke yao. Mwaka 1907 Trebitsch aliandika juu ya wanawake wa Greenland, nchi ya barafu kaskazini ya mbali, waliopoteza nywele za pembeni kwa sababu ya kuzifunga kwa kukaza.

Jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua ni hili: mwanzoni ugonjwa huu unapona. Ukifumua na kukipumzisha kichwa, nywele hurudi baada ya miezi kadhaa. Lakini kichwa kikivutwa hivyo mwaka baada ya mwaka, mzizi hufa na mahali pake huota kovu. Hapo hakuna mafuta ya dukani wala dawa ya mitishamba itakayozirudisha. Msichana wa darasa la pili anayesukwa kwa kukazwa kila mwezi anaweza kumaliza shule akiwa na upara wa kipaji, na maisha yake yote bado yako mbele.

Kwa hiyo mtoto akisema "mama, inauma", tusimjibu avumilie. Maumivu hayo ndiyo taarifa ya kwanza, na ndiyo pekee inayokuja mapema. Akishindwa kulala, au akihitaji kidonge cha kutuliza maumivu baada ya kusukwa, nywele zimekazwa mno. Zifumuliwe jioni hiyo hiyo, angalau zile za mbele. Najua ni vigumu, maana msusi ameshalipwa na kesho ni sikukuu. Hata hivyo fedha ya msuko itapatikana tena.

Ni afadhali kumweleza msusi kabla hajaanza. Misuko iwe minene kidogo, kwa kuwa ule mwembamba hubebwa na vinywele vichache mno. Nywele za ukingoni ziachwe nje. Shanga ziwe za plastiki nyepesi, mbili au tatu kwa msuko, na zisiwekwe kwenye misuko ya mbele. Ukifika wakati wa kuzitoa, mpira ukatwe kwa mkasi bila kuvutwa, maana ukivutwa hung'oa na nywele. Wengine huchovya ncha za rasta katika maji ya moto ili zisifumuke. Mtoto asiwe na haraka ya kusimama hapo, na sufuria isiwe mapajani pake. Kwa siku za kawaida za shule, twende kilioni ya nywele zake mwenyewe inamtosha kabisa.

Sasa tuje kwa akina mama na akina dada. Ziko nywele za binadamu zinazofungwa kwa vishanga vidogo kama pete: fungu dogo la nywele zako hupitishwa ndani ya pete pamoja na fungu la kuongezea, kisha pete hubanwa kwa koleo. Nywele hizi ni ghali. Sehemu kubwa ya zile zinazouzwa duniani hutoka India, ambako mahujaji wa Kihindu hunyoa vichwa kwenye hekalu la Tirumala na nywele zao hupigwa mnada. Hapa nchini bei yake iliguswa tena mwaka 2019, bajeti ilipoweka ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa ndani. Kwa sababu ya bei hiyo, wako wanaouziwa plastiki kwa jina la binadamu. Choma unywele mmoja: wa binadamu hunuka kama unyoya wa kuku ulioungua na kuwa majivu, lakini wa plastiki huyeyuka na kuganda kama tone gumu.

Nywele ya kichwani hupata mafuta kutoka kwenye ngozi. Iliyokwisha kukatwa haipati kitu. Ndiyo maana hapa Dodoma na Singida, hasa kuanzia mwezi Mei hadi Novemba wakati hakuna mvua na upepo umejaa vumbi, nywele hizi hukauka na kusokotana upesi. Zipakwe mafuta kidogo, hata ya alizeti yanafaa, lakini kuanzia katikati kwenda kwenye ncha. Mafuta yakifika kwenye pete, pete huteleza. Zichanwe kwa chanuo la meno mapana kuanzia kwenye ncha kupanda juu, mkono mmoja ukiwa umeshika karibu na ngozi ili mzizi usivutwe. Usiku zisukwe misuko miwili mikubwa na kufungwa kitambaa laini.

Kuosha ni lazima. Kusema maji ni ya shida si sababu ya kukaa miezi miwili bila kuosha kichwa. Ndoo moja inatosha. Simama wima, mtu akumiminie maji polepole, wala usiinamie beseni, kwani hapo ndipo nywele husokotana. Povu la sabuni lifike kwenye ngozi kati ya pete na pete. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi ambayo hayatoi povu vizuri na huacha utando mweupe. Ikiwa una maji ya mvua, yaweke kwa ajili ya kusuuzia mara ya mwisho. Kisha kaukia jua au upepo mpaka kwenye mizizi. Usilale na kichwa kibichi.

Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Baada ya wiki sita hadi nane pete imekwisha kushuka mbali na ngozi, inaning'inia na kuvuta. Hapo irudishwe juu na mtu anayejua, au itolewe. Wengi huogopa siku ya kufumua, wakiona bonge la nywele mkononi. Kila mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Zilizoachia ndani ya msuko hazikuwa na pa kudondokea, kwa hiyo unaziona zote kwa pamoja. La kuogopesha ni nywele zilizotoka mahali pamoja na kuacha ngozi wazi. Baada ya kufumua, kipe kichwa wiki kadhaa za mapumziko, na dawa ya kulainisha nywele isitiwe kichwa kinapotoka kwenye msuko au kinapoingia. Na ukiitwa kupimwa kichwa kwa eksirei au MRI, mwambie mhudumu kwamba una pete za chuma kichwani.

Mapunye nayo hujificha chini ya rasta. Ukiona magamba ya mviringo, nywele zilizokatika na tezi zilizovimba nyuma ya shingo, fumua na umwone mganga. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka tu; huhitaji vidonge vya wiki kadhaa. Machanuo ya mgonjwa yasitumiwe na wengine.

Mwisho, shanga zinazodondoka. Ziokotwe zote, hasa palipo na mtoto anayetambaa, kwa kuwa huziingiza mdomoni, puani na masikioni. Aliyepaliwa na kushindwa kulia alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, apigwe mara tano katikati ya mabega huku mwenzako akitafuta usafiri. Ya puani usiichokonoe kwa kijiti, utaisukuma ndani zaidi. Pengine hata hukuona ilipoingia. Mtoto akitoka makamasi yenye harufu mbaya upande mmoja tu wa pua, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.