Uaminifu wa Kununuliwa? Ithibati za Kulipia na Wakala wa Bima Kijijini Malinya

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii yamfaa sana mwuza ndizi katika soko la Malinya, kwani mnunuzi hupapasa, hunusa na kupima kwa jicho kabla ya kutoa shilingi yake. Je, wakala wa bima naye afanyeje? Bidhaa yake haipapasiki. Anauza ahadi: lipa leo, nawe utalipwa siku ya ajali, ya moto au ya msiba. Ahadi hiyo, hata iwe njema kiasi gani, haijiuzi. Sharti itembezwe kutoka boma hadi boma. Naye mwenye kuitembeza huonekana, kwa mujibu wa methali, kama mwenye kibaya.

Ndiposa mawakala wengi wa kujitegemea huvutiwa na vyeti. Yapo mashirika ambayo, kwa ada ya kila mwaka, humwandikisha mfanyabiashara na kumpa cheti cha kuning'iniza ukutani na nembo ya kubandika kwenye kadi yake. Makala haya yananuia kufafanua iwapo uanachama wa aina hiyo humjengea wakala imani ya wateja, hasa katika mahali kama Malinya, katika eneo la Ikolomani, Kaunti ya Kakamega.

Yafaa kwanza kuyatazama maneno yenyewe. Neno wakala limetokana na Kiarabu, na ni la mzizi mmoja na wakili, na vilevile tawakali. Wakala basi ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine. Dalali nalo lina undugu na dalili: ni mwenye kuonyesha, kuelekeza. Katika sheria ya bima ya Kenya tofauti hii ina uzito, kwa sababu wakala huitumikia kampuni ilhali dalali humtumikia mteja, jambo ambalo wateja wengi hawaelezwi. Ama ithibati, imetoka katika mzizi uliotupa thabiti na thibitisha. Kwa hivyo ithibati ni ushahidi. Na shahidi yeyote huulizwa swali moja la kale: ni nani aliyekulipa?

Swali hilo liliulizwa waziwazi nchini Marekani. Huko kuna shirika la Better Business Bureau, ambalo chimbuko lake ni mwaka wa 1912, nalo hutoa ithibati kwa wafanyabiashara wanaotimiza masharti yake na kulipa ada. Shirika hili lilianza pia kuwapa wafanyabiashara alama kuanzia A+ hadi F. Mnamo Novemba 2010, kituo cha televisheni cha ABC kilifichua kwamba waliolipa walikuwa wakiongezewa alama, na kwamba biashara ya kubuni, iliyopewa jina la kundi la Hamas kwa makusudi ya kulijaribu shirika, ilipata A- baada ya ada kulipwa. Shirika liliacha kuwaongezea alama waliolipa, na mwaka wa 2013 likalifukuza tawi lake la Los Angeles. Kisa hiki hakithibitishi kuwa kila ithibati ya kulipia ni ulaghai. Kinachodhihirika ni kwamba cheti kina thamani pale tu mtoaji anapoweza kumnyima anayelipa.

Nchini Kenya mambo mawili huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni leseni. Chini ya Sheria ya Bima, Sura ya 487, hakuna wakala anayeruhusiwa kuuza bima bila leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, maarufu kama IRA. Leseni hiyo huhuishwa kila mwaka, na mamlaka huchapisha orodha ya walio nayo. La pili ni uanachama wa hiari, kwa mfano katika Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Wenye Viwanda, KNCCI, kilichoanzishwa mwaka wa 1965 na chenye matawi katika kaunti. Uanachama huu una manufaa yake: mikutano, mafunzo, kujuana na wafanyabiashara wengine. Hata hivyo, si hakikisho kwamba mwanachama atafikisha pesa za mteja kwa kampuni. Anayeonyesha cheti cha uanachama mahali pa leseni anamwonyesha mteja pete badala ya chanda.

Hata leseni yenyewe ina mipaka. Kampuni ya United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka wa 2005, na Blue Shield mwaka wa 2011. Zote zilikuwa na leseni. Wenye madai walibaki na karatasi mikononi, na ofisi za kampuni zilikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ni wakala, ambaye hukutana na mteja wake sokoni, kanisani na matangani. Si ajabu kwamba matumizi ya bima nchini yamesalia chini ya asilimia 3 ya pato la taifa katika miaka ya hivi karibuni, ingawa umaskini nao una sehemu yake katika hesabu hiyo.

Huku Malinya sifa hupimwa hadharani. Uwanja wake unajulikana kwa mapigano ya fahali, na mwenye fahali hawezi kumnunulia mnyama wake jina. Umati umekuwapo, umeona nani alisimama na nani alitimua mbio. Wakala naye hutazamwa vivyo hivyo. Mama mmoja akilipwa fidia bila kuzungushwa, habari hufika kwa liguru na kwenye vyama vya akina mama kabla ya juma kwisha. Akizungushwa, hufika upesi zaidi. Mbele ya ushahidi wa namna hii cheti cha ukutani hakiongezi mengi, na pengine huzua shaka: kwa nini mtu anayejulikana ahitaji mgeni wa kumtambulisha?

Cheti huanza kufaa wakala anapotoka nje ya mduara huo, aseme anapomwendea mwenye duka mjini Kakamega, au mwana wa Malinya aishiye Nairobi anayetaka kuwakatia wazazi wake bima ya mazishi kwa simu. Hapo hakuna jirani wa kuulizwa. Nembo ya shirika humpa mteja mahali pa kuanzia, ila inampasa aulize mambo matatu: je, shirika hilo hupokea malalamiko? Limewahi kumfukuza mwanachama? Na jina la wakala limo katika orodha ya IRA? Majibu ya maswali mawili ya kwanza yakikosekana, ada iliyolipwa ni gharama ya matangazo tu, na wakala angefanya vyema kuihesabu hivyo katika daftari lake. Akiwa na kipato kidogo, huenda fedha hizo zikatumika vizuri zaidi kwa nauli ya kwenda Kakamega pamoja na mjane, kumkamilishia fomu za madai na kusubiri naye mpaka muhuri upigwe.