Je, Wajua? Bonde Kubwa Liko Mlangoni pa Beni

Wanandoa wengi huota kusafiri hadi Grand Canyon, bonde kubwa la Arizona, Marekani. Lakini je, wajua kwamba mume na mke wakitoka Bungulu, mjini Beni, na kushika barabara ya Kasindi, wanapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, penye bonde kubwa pia?

Bonde la hapa halikuchimbwa na mto kama lile la Arizona. Ardhi ilipasuka, pande mbili zikaachana, sakafu ikashuka: ndilo Bonde la Ufa. Mto Semuliki, utokao Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert, ulilikuta tayari.

Wakishika njia ya kusini, kupitia Butembo na Lubero, mandhari ni kali zaidi. Huko Kabasha barabara ya taifa namba 2 huteremka kwa kona baada ya kona, malori yakishuka kwa gia ndogo, na uwanda wa Rwindi unatandazika chini.

Hifadhi ya Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Hifadhi ya Taifa ya Albert. Carl Akeley, Mmarekani aliyeipigania, alirudi 1926 pamoja na mkewe, Mary. Novemba akafia mlimani Mikeno, akazikwa hukohuko. Mary, mwanamke jasiri kwelikweli, aliendelea na kazi ya msafara.

UNESCO iliiorodhesha Virunga kuwa urithi wa dunia mwaka 1979, na 1994 ikaiweka kati ya maeneo yaliyo hatarini. Na kabla ya kuwasha gari, ulizeni kwanza hali ya usalama barabarani.