Gari gani inaweza kuvuta boti kubwa kupanda Ngomo?

Ndugu wakulima, koperative ikianza kufikiri kununua boti ya moteri ya kupeleka maharagi na vitunguu Goma, swali la kwanza huwa ni bei ya boti. La pili ni bei ya moteri. Gari ya kuivuta inakuja mwisho kabisa, wakati kikao kimechoka na mama wanataka kurudi kupika. Hapo mtu mmoja anasema: "Gari tutapata tu, hata pikapu ya jirani." Tuongee juu ya hiyo pikapu ya jirani, kwani njo mahali feza ya wanachama inaweza kupotea, na watu pia.

Boti inayotoka Uvira kwenda Bukavu inapita mlangoni petu, kwa barabara ya taifa namba 5: Kamanyola, Ngomo, Nyangezi, halafu Bukavu. Maji ya Tanganyika yako karibu metre 770 juu ya bahari, na ya Kivu yako 1,460. Kwa hiyo mzigo unapanda metre 700 hivi, na zaidi, maana barabara inapita juu kuliko ziwa mbele ya kushuka tena Bukavu. Kila mtu hapa anajua Ngomo: kona, mawe, matope ya mvua, na bonde pembeni.

Kongo imekwisha kuona boti zikivutwa milimani. Mwaka 1915, wakati wa vita vya Wazungu, Waingereza walitaka kupeleka boti mbili za moteri, Mimi na Toutou, katika ziwa Tanganyika kupigana na meli za Wadachi. Kila boti ilikuwa na urefu wa metre 12 hivi. Zilipanda treni toka Cape Town mpaka Fungurume, kule Katanga. Kisha barabara ya chuma ikaisha. Toka hapo wakazivuta kwa mashine mbili za mvuke, zaidi ya kilometa 200, kupitia milima ya Mitumba, safu ile ile inayofika mpaka kwetu Kivu. Mahali mashine iliposhindwa, walifunga ng'ombe na kamba. Walijenga madaraja mengi sana, na maji ya mashine yalipokosa, wenyeji walibeba maji kwa vichwa. Njia hiyo fupi iliwachukua karibu wiki sita. Boti zilifika Kalemie mwezi wa kumi, na tarehe 26 desemba zikakamata meli ya kwanza ya Wadachi, Kingani.

Tunakumbusha hadisi hiyo kwa sababu moja. Wale watu walitengeneza njia kwanza, ndipo wakavuta. Nguvu ya mashine haikuwatosha. Sisi leo tunanunua nguvu, tunasahau mengine yote.

Tuanze na kilo. Tuseme boti yenyewe ni kilo 1,500. Moteri mbili za farasi 40, karibu kilo 75 kila moja, zinafanya 150. Litre 200 za esansi ni kilo 150 hivi. Remoki ya chuma, kilo 600. Tayari tuko kwa kilo 2,400, na hatujaweka kitu ndani. Mvua ikinyesha usiku na maji yakabaki chini ya boti, kila litre ni kilo moja: ndoo kumi za litre 20 ni kilo 200. Halafu mtu mwenye akili nyingi anasema, kwa nini boti ipande bure? Anapakia mifuko kumi ya mchele wa Kamanyola, ya kilo mia mia. Sasa ni kilo 3,600. Asubuhi ilikuwa boti, saa sita imekuwa kamiyo isiyo na shofere.

Gari nayo iko na mpaka wake, na mara nyingi umeandikwa. Angalia kibao kidogo cha chuma karibu na mlango ao chini ya kapo, ao soma kitabu cha gari. PTAC ni uzito wa gari na mzigo wake. PTRA ni uzito wa gari, mzigo na remoki vyote pamoja. Kama PTRA ni kilo 6,000, na gari pamoja na mafuta, watu na vyombo ni 2,600, inabaki 3,400 kwa remoki. Ile boti yenye mchele imekwisha kupita. Gari nyingi zilizotoka Japani moja kwa moja hazina kibao cha namna hii. Hapo usikisie: tafuta kitabu cha aina ile ile ya gari, ama uachane nayo.

Lakini kwa barabara yetu, kitu kinachoua ni kushuka. Moteri ikikosa nguvu kwenye kupanda, gari inasimama, boyi-shofere anaweka jiwe, mnangojea msaada. Kwenye kushuka hakuna kungojea. Remoki isiyo na freni zake inasukuma gari mgongoni. Shofere anakanyaga, freni zinapata moto, mafuta ya freni yanachemka, na pedale inakuwa laini kama ugali wa maji. Ulaya, remoki isiyo na freni hairuhusiwi kupita kilo 750. Hiyo ni sheria ya huko, ila mlima hauulizi sheria ya nchi gani. Boti kubwa bila freni kwenye remoki: tunasema hapana. Na shofere ashuke na vitesi kidogo, ile aliyopandia ao chini yake, toka juu kabisa. Anayeweka vitesi kubwa ili kupunguza mafuta, msimpe boti yenu.

Muuzaji atawaambia habari ya farasi za moteri. Mumuulize kama iko na turbo. Moteri ya mazuti bila turbo inapoteza karibu moja kwa mia ya nguvu kila metre 100 za kupanda, kwa sababu hewa inapungua. Kufika urefu wa Bukavu, imepoteza kama 15 kwa mia. Mumuulize pia urefu na uzito wa gari yenyewe: gari fupi na nyepesi inachezeshwa na remoki kama mkia unaochezesha mbwa. Na 4x4 yenye vitesi ya chini inafaa sana pwani, wakati wa kutoa boti ndani ya maji kwenye udongo unaoteleza.

Jambo dogo ambalo mafundi wengi wanasahau: moteri za boti ziko nyuma, na zinafanya mkia uwe mzito. Mkia ukilemea, remoki inayumba. Toa moteri, zilaze ndani ya pikapu, ili kichwa cha remoki kibebe kama kilo 5 mpaka 10 kwa kila mia ya uzito.

Sasa maoni yetu, na wengine watakataa. Koperative ambayo boti yake itasafiri barabarani mara moja ao mbili kwa mwaka, isinunue gari ya kuvuta. Ikodishe kamiyo kama Fuso, ipandishe boti juu, ifunge kamba vizuri, na remoki ibaki kazi ya kushusha majini tu. Gari ya kununua ichaguliwe kwa kazi ya kila wiki, yaani mihogo na maharagi mpaka soko la Bukavu, na kwa kazi hiyo kamiyo ndogo inashinda pikapu yenye remoki.

Mkikodisha, mbele ya kulipa mwombe shofere apande na kushuka kilima kimoja na mzigo, kamati ikiwa imesimama chini inaangalia. Akifika, mtu mmoja aweke mkono karibu na gurudumu, bila kuligusa. Joto likimrudisha nyuma, tafuteni kamiyo ingine.